Jino Limeacha Kuuma

Mara tatu Cheptanui, daktari wa meno, alikuwa amemrudisha mzee mmoja nyumbani kwake Dundori na jino lake bovu. Hospitali ya umma haikuwa na dawa ya ganzi, na wenzake wawili walishaondoka mishahara ilipokwama.

Leo mke wa mzee aliingia naye akitabasamu, mfuko wa viazi mkononi.

"Daktari, achana na sindano. Jino limeacha kuuma tangu jana! Tumekuletea waru kidogo, za asante."

Cheptanui aligusa chini ya taya la mzee. Shingo ilikuwa ya moto, ngumu kama ubao. Pumzi ilikoroma. Usaha wa jino ulikuwa umeshuka shingoni.

"Mzee, hebu meza mate."

Mzee alijaribu. Mate yakamtoka, yakatiririka kidevuni.

Mkewe akacheka, akampangusa kwa leso.