Macho ya Japani

Kabla ya kukigusa kile kitabu ilikuwa lazima unawe mikono, na sabuni ilikaa mfukoni mwa Dieumerci mwenyewe. Ukishanawa, unakausha kwa taulo. Ndipo yeye, prezida wa Klabu ya Manga ya Kindu, anakitoa kwenye plastiki, polepole, kama padri na Ekaristi.

"Leo sinawi," alisema Joëlle. "Saini karatasi yangu. Ndege ya Bukavu inaondoka saa nane."

Mashindano ya manga, katuni za mtindo wa Kijapani, yalikuwa Bukavu, na waandaaji walidai jambo moja tu: prezida wa klabu athibitishe kwa saini kwamba hizi ni manga. Joëlle alikuwa amechora kurasa ishirini kwa miezi minane. Zilimhusu msichana anayevusha watu Lualaba kwa mtumbwi na kugombana na kiboko.

Dieumerci alizipitia zote. Alicheka palipochekesha. Kisha akakumbuka cheo chake.

"Nzuri. Lakini haiko manga."

"Sababu?"

"Umechorea wapi?"

"Kwetu, mtaa wa Kasuku, hapa hapa Kindu."

"Njo vile! Manga ni ya Japani. Ukichora Kasuku, hiyo ni katuni tu. Hebu niambieni, sombe yetu ya majani ya mihogo ukiipika Paris, itakuwa bado sombe?"

"Ndiyo!" wakajibu wanachama wote sita kwa pamoja.

Prezida aliona mfano umemgeuka, akakimbilia kitabu chake. Hakikuwa na jalada. Kilichorwa kwa kalamu ya buluu, ukurasa hadi ukurasa, na kwa hilo Dieumerci alivimba kichwa: si chapa, jamani, ni mkono wenyewe wa fundi wa Japani!

"Tazameni alama," alisema. "Moja, kinasomwa kuanzia kulia. Mbili, hakina neno hata moja, kwa sababu fundi wa kweli hapigi domo. Tatu, macho! Kidevu chembamba, macho kama sahani. Hapa Kindu nani ana macho ya hivi? Anyooshe mukono."

Hakuna aliyenyoosha.

"Na huyu mama wa ukurasa wa tisa?" Joëlle aliuliza. "Amebeba kitunga kwa kamba ya paji la uso, kama bibi yangu."

"Kwani Wajapani hawana paji la uso?"

Kitabu Dieumerci alikipata mwaka 2002, akiwa na miaka sita. Risasi zilipoikaba Kindu, yeye na mama yake walikimbilia porini nyuma ya Alunguli, ng'ambo ya mto, na mali yao yote ilikuwa sufuria moja na redio ya marehemu baba, isiyo na betri. Asubuhi moja mama alirudi kutoka kutafuta mihogo, akamtolea kitabu kutoka kwenye kitenge. Kimetoka Japani, alimwambia. Zaidi ya hapo hakusema, na nyumbani kwao mambo ya porini hayakuulizwa.

Ukurasa wa mwisho tu haukuwapo. Shujaa anabaki katikati ya pori, basi. Dieumerci ameandika barua tatu kuuliza hadithi inaishaje. Juu ya bahasha aliweka: Kwa Fundi, Japani. Posta walizipokea kwa adabu.

"Bon, nimesema," alimaliza, akigonga kiti cha plastiki kilichoandikwa PREZIDA. "Siku nikionyeshwa manga ya kweli iliyozaliwa nje ya Japani, kiti hiki ninakiacha, na Joëlle nitamufulia nguo mwezi muzima!"

Joëlle alianza kukusanya kurasa zake. Alijizuia hadi ya kumi na mbili, kisha akalia waziwazi.

Mlangoni, Mama Salima aliacha mikate yake, maandazi madogo, ndani ya mafuta. Huyu ndiye mama yake Dieumerci, binti wa mwalimu wa chuo cha Korani aliyeolewa na Mkatoliki na kuzitia familia zote mbili kichaa. Kila mkutano aliikaangia klabu mikate na kuwacheka.

"Weye Dieumerci, njo unaliza mutoto wa watu?"

"Mama, mambo ya manga huyajui."

"Ee. Siyajui."

Alifuta mikono, akachukua kalamu ya Joëlle na karatasi tupu. Alianzia pembe ya kulia, kama alivyofundishwa na baba yake. Akachora pori. Akachora sufuria, na mwanamke mwenye kitunga, kamba pajini. Kisha kidevu chembamba na macho kama sahani, na sasa shujaa anatoka porini, njia imefunguka mbele yake. Mikate ilikuwa inaungua.

"Njo mwisho wake," alisema. "Bunduki zilinyamaza, tukarudi mujini. Sikuumaliza."

"Lakini ulisema Japani!"

"Ulikuwa unauliza kwa sauti kimetoka wapi, na maaskari wako barabarani. Nikasoma nyuma ya redio ya baba yako: Made in Japan. Na maneno ningewekaje? Kila herufi uliyoiona, uliisoma kwa kelele."

Dieumerci aliinuka kitini. Alisaini karatasi ya Joëlle, na msichana akachomoka nayo mbio kuelekea uwanja wa ndege. Lakini prezida wa zamani alibaki amekishika kitabu chake, akikwama kwenye alama moja iliyosalia.

"Na macho, mama? Macho makubwa hivi uliyaona kwa nani?"

Mama Salima alichagua mkate mmoja ambao haukuungua, akamwekea mkononi.

"Kwako, mwanangu. Njaa ilikuwa imekula uso wote, ikabakisha macho."