Bolti Nne za Tusekile

Siku hizi maji hupewa nyumba yenye gari la kale, nalo sharti liwe na bolti za zama zake. Ikionekana bolti mpya hata moja, bomba hufungwa. Ndiyo maana Ambakisye aliizunguka Tunduma nzima akitafuta bolti nne za lori la marehemu baba yake. Alizopata zilikuwa zimeliwa na kutu, na nyingine hazikuingia kwenye nati.

Asubuhi ya ukaguzi akasimama mbele ya mkewe, spana mkononi.

Tusekile akamnyooshea mguu. Mguu wake wa bandia Ambakisye aliuunda mwenyewe walipooana, kwa bolti za lori hilohilo, enzi lilipokuwa skrepa la kulalia kuku. Kila Jumapili Tusekile alizipaka oili, mguu usije ukamwaibisha kanisani kwa kelele.

"Ni mpaka mkaguzi aondoke tu, mama Lusajo."

"Fungua taratibu basi, usinichubue."

Mkaguzi alizipapasa bolti nne kwenye lori, akatabasamu. "Zinang'aa! Nani kazitunza hivi?"

"Mimi, mheshimiwa," akasema Ambakisye.

Mkaguzi akazipiga lakiri zisifunguliwe tena, akaenda zake. Bomba la uani likakohoa, maji yakaanza kumwagika. Tusekile, aliyekuwa ameketi kizingitini, aliyatazama yakitiririka kuelekea barabarani.

Ambakisye tayari alikuwa ndani ya lori, analiwasha akalionyeshe mtaani. Akatoa kichwa dirishani, uso umejaa furaha.

"Mama Lusajo! Kimbia ukinge ndoo, maji yanapotea!"