Kugonga Mara Mbili

Paipu mpya za breki zilishakaa. Ilibaki kutoa upepo ulioingia ndani yake tu. Nililala chini ya gari la marehemu baba, mama akakaa kwenye usukani.

"Usije ukasinzia huko chini," akanitania.

Baba hakuwa mtu wa kupayuka. Akitaka pedali ikanyagwe, aligonga chesisi kwa spana, ko-ko, na mama akakanyaga. Nami nikagonga vilevile, bila hata kufikiri.

 Nikasikia pedali ikishuka taratibu.

"Nimekanyaga, Baba Watoto," mama akasema, kwa sauti laini niliyoisahau tangu tumzike.

Nililegeza nati ya kutolea upepo. Mafuta ya breki yakanitiririka mpaka kwenye kiwiko. Nilitaka kumwambia ni mimi.

Nikaikaza nati, nikagonga tena.