Chai ya Bosi

Bosi aligonga kikombe chake kwa kiwiko, na chai ya maziwa ikamwagikia kompyuta na kupenya kwenye matundu ya sanduku lake.

Adero, mpiga chapa wake, aliinama chini ya meza akang'oa waya wa umeme ukutani. Akauchomoa na kwenye mashine, akaufunga kiunoni kama mshipi.

"Washa, nyabo," bosi akasema. "Umeme imerudi sasa hivi tu."

"Nikiwasha ikiwa na maji tutaiunguza, ssebo. Ndani mna tasnifu za wanafunzi kumi na mmoja."

"Mwenye duka ni nani?"

Ukutani palikuwa na tangazo la bosi huyohuyo: wafanyakazi wasinywe chochote karibu na mashine. Kwa miaka minne Adero alikuwa akinywea chai yake barazani, hata mvua ikinyesha.

Alilikumbatia sanduku, likimchuruzikia sketi, akalitua barazani penye jua. Kisha akarudi ndani, akakichukua kikombe cha bosi, akakitoa nje na kukiweka kando ya sanduku.

"Waya utaupata Alhamisi, likishakauka," akasema. "Na chai yako utainywea hapa."