Figa la Tatu

"Mama, bikoni ya kiwanja chako iko wapi?" aliuliza mpima ardhi. "Isipoonekana, ukuta wa mtaa mpya utapita pale." Akaonyesha dirisha la chumba cha kulala.

Siwema aligeukia meko. Mvua za masika zilipoling'oa lile jiwe la mpaka, yeye aliona jiwe tu, akalifanya figa la tatu. Sasa limebeba sufuria ya maharage, namba yake imefunikwa na masizi. Akisema, ni kesi ya kuhamisha mpaka. Akinyamaza, nyumba ndiyo hiyo inakwenda.

"Sijaiona, baba," alijibu, akikoroga maharage.

Manyunyu yakaanza. Mpima akachuchumaa mekoni aote moto. Maharage yakafurika, povu likateremka likiosha masizi, na tarakimu ya kwanza ikatokeza mbele ya magoti yake.