App Isiyolalamika

Profesa aliusogezea mlango wa ofisi simu yake, ukafunguka, akaingia kifua mbele. Mlinzi alisimama, akafungua kinywa, kisha akakifunga.

"Na wewe umeshapata habari," Profesa alimwambia. Asubuhi hiyo mkurugenzi alikuwa amtangaze mkuu mpya wa programu, na mama mkwe wa Profesa alishaambiwa atakuwa nani.

Jina la Profesa alijipa mwenyewe. Wenzake walilitumia ili wapate amani. App ya wafanyakazi, ile ya kufungulia milango, kuombea likizo na kupokelea barua za ofisi, ilikuwa kazi ya mikono yake, na haijawahi kukwama. Ujanja wake ulikuwa mwepesi. Furushi la data likija kutoka kwenye seva, app ilichukua inachokielewa na kingine ikakitupa kimyakimya. Jina la mtu halimo? Chukulia kwamba limo. Tarehe imekuja kwa mtindo mgeni? Ruka, maisha yaendelee. Watu walipolalamika kwamba maombi yao ya likizo yanapotea, aliwaambia hawajui kubonyeza.

Mpinzani wake alikuwa dada mmoja wa meza ya dirishani. Profesa alimbatiza Bi Forodha, kwa kuwa kila data aliipekua kama begi la msafiri. Namba iwe namba, neno liwe neno, kinachokosekana kitajwe. La sivyo, programu yake inagoma na kueleza kwa nini imegoma.

"Inalialia kama mtoto mchanga," Profesa aliwahi kumwambia mbele ya watu. "Mtumiaji anataka raha, dada. Hataki kesi."

"Mficha maradhi kilio humuumbua, kaka," alijibu yeye, na Profesa akacheka mpaka akashika mbavu. Methali kwenye mambo ya kompyuta! Ushamba mtupu.

Leo alimkuta Bi Forodha amekalia kiti chake, kile chenye mgongo mrefu. Vikombe na vitabu vya Profesa vilikuwa vimepangwa ndani ya boksi. Moyo wake ulijaa furaha. Kumbe wameshaanza kumhamisha.

"Kalia tu, mdogo wangu," alisema. "Nikishahamia chumba cha ndani nitakutafutia kazi ya saizi yako. Kuchagua rangi za vitufe, kwa mfano."

Ofisi nzima iliinamia kompyuta. Wananiogopa tayari, aliwaza, na akaona ni vizuri waanze mapema.

Bi Forodha alinyanyuka taratibu. "Kaka, mlango umeufunguaje?"

"Kwa simu. Kwani wewe huwa unapitia dirishani?"

Mkurugenzi alitoka chumbani mwake, akamwona, akasita.

"Mbona uko hapa? Hukupata barua yetu ya Ijumaa?"

Profesa alitoa simu, akaifungua app, akaiinua juu wote waone. Skrini ilikuwa safi. "Barua gani, bosi? Ingekuwepo, app yangu ingenionyesha."

Mkurugenzi alishusha pumzi, akamgeukia Bi Forodha.

"Mkuu," alimwambia, "hebu msomee kaka barua yake ya kuachishwa kazi."