Mstari Mmoja

Katibu wa baraza alipitisha kalamu nyekundu juu ya maneno ya Wakili, akakata na kukata, mpaka ukabaki mstari mmoja.

"Samahani mzee, hapo umeondoa kila kitu."

"Nimeondoa maelezo, mwanangu. Waziri hasomi maelezo. Pendekezo ni mstari mmoja."

Wakili alikuwa kidato cha nne, mmoja wa wanafunzi wawili waliochaguliwa kukaa katika baraza la taifa la ushauri wa elimu. Jina la utani alilipata shuleni kwa sababu ya mdomo wake. Kwenye meza ile ndefu watu wazima walimpa chupa ya maji, kibao kilichoandikwa "Mwanafunzi" na nafasi ya kusema, kisha wakaanza kuangalia saa zao.

Lakini safari hii hakuja kupamba meza. Mdogo wake wa kike, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa akilala katika bweni lenye mlango mmoja na madirisha ya nondo. Siku ya wazazi kutembelea shule, Kitinda alimwonyesha waya uliokuwa ukitoa cheche juu ya kitanda chake. Matroni wao, mama mnene aliyewapenda wale wasichana kama aliowazaa, alisema amesharipoti mpaka amechoka. "Labda wewe watakusikiliza," alimwambia Wakili. "Mimi nangoja neno kutoka juu tu." Na mama yake, fundi cherehani asiyemjua mkubwa yeyote, alimpigia pasi shati akamwambia, "Nenda ukamsemee mwenzio."

Basi alimsemea. Alitaka mabweni ya namna hiyo yafungwe, na wanafunzi walale bwaloni, kwenye magodoro, hadi mlango wa pili utobolewe. Sauti haikutetemeka. 

Mwenyekiti aliusoma ule mstari uliobaki, akaitikia kwa kichwa.

"Fupi, na halina gharama. Hata watoro watakoma."

Wajumbe wakacheka. Wakili naye akacheka, maana mwenyekiti akicheka, mjumbe mdogo hawezi kununa. Mwanafunzi mwenzake, kiranja mkuu wa shule moja ya wasichana, aliyekuja na hoja ya utoro, alipiga makofi kwa moyo wote.

"Na habari ya bwalo, mzee?" Wakili alimnong'oneza katibu.

"Mwenye macho haambiwi tazama. Unataka lipite, au unataka kuandika insha?"

Wakili alitaka lipite.

Likapita. Tena, kwa kuwa ni kilio cha wanafunzi, mwenyekiti aliona mwanafunzi mwenyewe ndiye alisome redioni. Siku hiyo mama alisimamisha cherehani, akaongeza sauti mpaka jirani akagonga ukuta. "Mabweni yote yenye mlango mmoja yafungwe mara moja," ilisema sauti ya mwanawe. Mama akapiga vigelegele peke yake chumbani, mkasi mkononi.

Ajabu ni kwamba shule zilitii. Nchi ambayo kuziba paa la darasa moja huchukua masika mawili ilitekeleza jambo zima kabla wiki haijaisha. Wakili alipompigia simu mwalimu mkuu wa shule ya Kitinda, alijibiwa kwa heshima ambayo hajawahi kupewa na mwalimu yeyote.

"Tumeshafunga, mheshimiwa. Huku kwetu hatungoji kusukumwa."

Wakili alilala usingizi wa pono.

Asubuhi moja simu ya mama ililia kabla hajawasha jiko. Alisikiliza, kiberiti kikamponyoka. Bweni la kina Kitinda lilikuwa limeungua alfajiri.

"Mwanangu! Jamani, mwanangu mimi!"

"Mama, tulia." Wakili alimshika mabega. "Nisikilize. Bweni lilikuwa limefungwa. Hamkuwa na mtu mle. Kitinda yuko bwaloni."

"Una hakika, baba?"

"Si ulinisikia redioni?"

Mama alijifuta uso kwa upindo wa nguo, akalia na kucheka kwa pamoja. Njia nzima alimwambia kila aliyekaa karibu naye kwamba huyu hapa, huyu mnayemwona, ndiye aliyewatoa watoto wa watu katika lile bweni. Wakili alitazama nje. Alisikitika, ndiyo, vitabu vya watu na masanduku yao vilikuwa vimeteketea. Lakini ndani kabisa, Mungu amsamehe, alijisikia fahari kidogo.

Walipofika, moshi ulikuwa bado unafuka nyuma ya madarasa. Wazazi walisimama uwanjani makundi makundi. Wakili alimwacha mama yake getini akakimbilia bwaloni.

Meza zilikuwa mahali pake, na viti vimepinduliwa juu yake kwa ajili ya kudeki. Hakukuwa na godoro hata moja.

Nje, kwenye ngazi, alikaa matroni. Nguo yake ilikuwa nyeusi kwa masizi na mikono yake imeungua hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo mama. Wasichana mmewahamishia wapi?"

Matroni hakuinua uso. Alimtambua kwa sauti.

"Nilikusikia redioni, mwanangu," alisema. "Tangu siku ile, kila jioni, nikishawahesabu vitandani, nilifunga mwenyewe. Kama ulivyosema."

Akafumbua kiganja kilichobabuka, akamwonyesha ufunguo.